Kisu cha Philbert Kinalalia Kushoto

Ukishuka basi Kabanga ukafuata barabara iendayo forodhani, kabla hujafika getini utaona benchi refu la mbao limeegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa miaka mingi. Hapo ndipo kijiweni. Asubuhi huwa pana wanaume wanne, na kila mmoja ana jina alilopewa na wenzake. Nduwayo, anayebadilisha faranga za Burundi kwa shilingi, ni Chenji. Malongo, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Nyantakara na ng'ombe wao, naye akaendelea na safari hadi mpakani kuwa dalali, ni Mnada. Mzee Leonidasi, Mhangaza wa hapo hapo, hutengeneza saa, miavuli, vitasa na kila kitu chenye skrubu. Huyo ni Daktari, na kimeza chake chenye jiliwa la kubania vyuma kiko mwisho wa benchi. Wa nne ni Tomasi wa bodaboda. Wanamwita Redio, maana habari zote za barabarani hufika pale kwa mdomo wake.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado haujaondoka vilimani na kahawa imezunguka mara moja tu, alikuja Ildefonsa. Watu humwita Mama Ineza, kwa jina la binti yake. Anauza machungwa na mananasi ya kumenya pale stendi. Mume wake, Philbert, alikuwa dereva wa Fuso la bluu, akichukua ndizi hapa mpakani na kuzipeleka Biharamulo kwa njia ya Ngara. Mwezi wa pili lori lake lilipinduka kwenye kona za mteremko, likamwua.

Alimsalimia mzee kwanza.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mama. Ineza hajambo?

— Hajambo. Nimekuletea mgonjwa.

Akafungua fundo la kitenge kiunoni. Tomasi alikijua kile kitu kabla hakijatoka. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa pembe, kizito kidogo kuliko kinavyoonekana. Mara ya mwisho alikuwa amekishika yeye. Alikuwa amekitoa kwenye vidole vya Philbert, akakifunga, akamrudishia mfukoni mwa shati kabla askari hawajafika. Alipokifunga kilikwaruza. Sauti hiyo ilikuwa imemkaa masikioni tangu mwezi wa pili.

Akashusha macho kwenye kikombe chake.

Ildefonsa akaeleza shida yake kwa maneno machache. Kisu kikifungwa kinakwaruza. Akikinoa leo, kesho makali yamekufa, na mtu hawezi kumenya nanasi kwa kisu butu mbele ya abiria wenye haraka. Leonidasi akakifunga, akakiinua usawa wa macho, akakitazama kwa juu kama mtu anayechungulia ndani ya chupa. Kisha akawaonyesha wote. Kisu cha namna ile kina bati mbili ndani ya mpini, na bapa likifungwa linatakiwa kulala katikati yake bila kugusa huku wala huku. La Philbert lilikuwa limelalia kushoto, makali yameegemea bati.

— Kila ukikifunga unakinoa kwenye chuma, alisema mzee. Ndiyo maana hakikai na makali.

Akamwambia akae, si kazi kubwa. Ildefonsa akageuza kreti tupu la soda, akakaa.

Kijiwe hakiwezi kuona fundi anafanya kazi kikanyamaza. Nduwayo ndiye aliyeanza, akasema ni uchafu tu, vumbi la barabarani limeingia upande mmoja likalisukuma bapa. Leonidasi hakubisha. Alilegeza skrubu kubwa ambayo bapa huzungukia, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, akatoa uchafu mweusi wa kutosha kujaza kizibo, akadondoshea tone la mafuta ya cherehani. Akafunga. Bapa likarudi kushoto.

Malongo akasema basi ni skrubu. Mtu aliikaza kwa hasira, na chuma kikikazwa kwa hasira hukimbilia upande wa pili. Mzee akailegeza robo mzunguko, akaingiza kipande cha kadi ya simu kati ya bapa na bati ili kulishikilia katikati, akakaza tena taratibu. Alipochomoa kadi, bapa lilikaa katikati kwa muda wa kupuliza kahawa, kisha likalala tena. Akatoa vile visahani vyembamba vya shaba, vinavyoitwa washa, vilivyo ubavuni mwa bapa, akavibadilisha, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Likasogea upana wa uzi. Likarudi.

Hapo ndipo hoja zilipoanza kupanda mlima. Nduwayo alidai ni ile mashine ya forodhani inayochungulia matumbo ya malori. Alisema ina sumaku ya kuvuta ng'ombe, na Philbert alipita pale kila wiki na kisu mfukoni. Chuma gani kitavutwa miaka minne kisipinde. Malongo akamwuliza mbona sumaku hiyo haijavuta meno yake ya bandia. Yeye alikuwa na habari nyingine: viwandani huko wanakotengeneza visu, katika kila boksi huweka kimoja cha watu wa mkono wa kushoto, na hicho hata ukikipeleka kwa malaika hakikai katikati. Nduwayo akasema tatizo si la kiwanda, ni la msiba. Marehemu mjomba wake, ng'ambo ya mpaka, aliacha saa ya mkononi, na tangu azikwe mshale wake ukawa unagoma kupita saa tisa, saa aliyokufa. Vyuma vina huzuni, alisema. Malongo akakumbuka mkuki wa babu yake kule Shinyanga, uliokuwa ukisimamishwa ukutani unaanguka kuelekea kaburini, wakaubadilishia ukuta, ukaanguka hivyo hivyo.

Ildefonsa alisikiliza yote mikono ikiwa mapajani. Hakucheka wala hakukasirika. Walikuwa wakimzungumzia mumewe kama mtu aliye safarini, na labda hilo halikumchukiza.

Kisha Malongo akageuka.

— Redio, leo umekatiwa umeme? Sema na wewe.

Tomasi akasema labda kilianguka.

— Kikianguka kinapinda ncha, alisema Leonidasi bila kuinua kichwa. Shingo haipindi.

Tomasi akanywa kahawa iliyokwisha poa. Alifikiria kuondoka. Pikipiki yake ilikuwa hatua tatu kutoka hapo, na abiria hawakosekani Kabanga. Lakini miguu ilikuwa imekataa, kama ilivyokataa siku ile.

Mwezi wa pili alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amempakia mama mmoja wa kwenda Ngara mjini, wakakata kona, wakaliona Fuso limelala ubavu kwenye korongo, ndizi zimetapakaa hadi barabarani, mvuke unapanda kwenye injini. Mafuta yalikuwa yakitiririka. Yule mama alipiga kelele kwamba litawaka, wasisogee, na mwanamume aliyekuja na baiskeli baadaye akasema vivyo hivyo. Kila mtu wa barabara ile amewahi kusikia habari za lori lililowaka na watu waliokuwa wakisaidia. Tomasi akasimama. Aliendelea kusimama mpaka watu wa kutengeneza barabara walipokuja na mtaimbo na minyororo. Lori halikuwaka. Lilikuja kupoa lenyewe.

Msibani, mama mzazi wa Philbert, aliyeletwa kutoka Nyarubungo, alimshika Tomasi mkono kwa mikono yake miwili, akamwuliza kama mwanawe aliteseka. Tomasi akasema alikufa papo hapo. Ilimtoka tu, kama vile mtu anavyompa mwenye kiu maji. Neno hilo likapokewa. Wanawake walilirudia jikoni, katekista akalitaja kaburini, kwamba tumshukuru Mungu ndugu yetu hakuonja uchungu mrefu. Siku zilivyopita Tomasi mwenyewe akaanza kulisadiki, mchana angalau.

Leonidasi alikuwa ameamua kulitoa bapa zima. Alililaza juu ya rula ya chuma, akainua vyote viwili kuelekea mwangaza. Karibu na mpini, chini ya bapa, mwanga ulipenya.

— Tumeonea skrubu bure, alisema. Bapa lenyewe limepinda. Hapa, shingoni.

— Limepindaje? aliuliza Malongo.

— Lilibanua kitu. Kitu kigumu, kwa nguvu, na si mara moja. Angalia ncha, imekatika kidogo. Na huku pembeni michubuko yote inaelekea upande mmoja.

Akachukua sindano, akachokoa kwenye mfereji mdogo wa kuingiza ukucha wakati wa kufungua kisu. Kikatoka kitu kama ganda. Akakiweka juu ya ukucha wa dole gumba lake, akakisogeza karibu na macho, na wengine wakainama. Ilikuwa rangi. Rangi ya bluu, ya kupuliza, kama ya gari.

Nduwayo, ambaye hakupenda mahali mambo yalipokuwa yakielekea, akasema haraka kwamba duniani vitu vya bluu ni vingi, mapipa ni ya bluu, mageti ni ya bluu.

— Jumapili kabla ya ajali nilikimenyea viazi, alisema Ildefonsa. Kilikuwa kinafunga vizuri, hakikwaruzi. Jumatatu akaondoka nacho. Jumanne nikaletewa kwenye mfuko, na simu yake na kitambulisho.

Alisema hivyo polepole, kama mtu anayepanga machungwa. Kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Mtu aliyekufa papo hapo alibanua nini?

Malongo ndiye aliyejaribu kujibu, kwa wema. Alisema bila shaka ni waokoaji, walikiona wakakitumia kufungulia mlango, watu wakihangaika hushika chochote.

— Si ndivyo, Redio? Wewe ulikuwepo.

Tomasi aliona mlango umefunguliwa mbele yake. Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Mzee angelinyoosha bapa, Ildefonsa angerudi stendi kwake, na lile neno la msibani lingebaki lilivyo. Alimtazama Leonidasi, akaona kwamba mzee naye anamtazama, na ile rangi bado iko juu ya ukucha wake.

— Hapana, alisema Tomasi. Waokoaji walikuwa na mtaimbo.

Akaweka kikombe chini.

— Alikuwa hai, Mama Ineza. Lori lilipolala alikuwa hai.

Ildefonsa hakusogea.

— Muda gani?

— Karibu saa nzima.

Akaeleza. Alieleza akitazama mikono yake, bila kupamba, bila zile mbwembwe ambazo kijiwe kilimzoea nazo. Kichwa cha lori kilikuwa kimebonyea, dashibodi imemkamata Philbert miguu. Mlango wa upande wake ulikuwa juu, umejikunja kwenye fremu. Philbert alitoa kisu mfukoni, akaingiza bapa kwenye upenyo wa mlango, akawa anabanua. Anabanua, anapumzika, anabanua tena. Aliendelea hivyo mpaka akawa anapumzika zaidi kuliko kubanua. Watu wa barabara walipofika na kuung'oa mlango alikuwa ameshanyamaza, kisu kiko mkononi. Tomasi akasema ni yeye aliyekifunga. Akasema mafuta yalikuwa yanamwagika, watu walisema litawaka, naye aliogopa. Na alipoulizwa msibani hakuweza kumwambia mama mzee kwamba mwanawe alihangaika peke yake huku watu wakimtazama.

Muuza kahawa alikuwa amekuja na birika lake. Alisimama kidogo, akasikia, akapita bila kumimina hata kikombe kimoja. Nduwayo alivua kofia, akaikunja, akaishika.

Ildefonsa akamgeukia Tomasi.

— Alisema nini?

Tomasi akafungua mdomo.

— Sikusikia, shemeji. Nilikuwa mbali.

— Mbali kiasi gani?

Hilo alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu. Angeweza kusema mita mia, hakuna ambaye angempima. Badala yake aliinuka. Alitoka kwenye benchi, akavuka mtaro, akavuka barabara, akampita mwanamke anayepanga nyanya, akafika kwenye nguzo ya umeme iliyo upande wa pili. Akasimama hapo, akageuka kuwatazama. Zilikuwa hatua ishirini na kitu. Alikuwa na hakika nazo. Usiku mwingi alikuwa amezihesabu kichwani.

Lori moja likapita kuelekea forodhani na vumbi lake. Lilipokwisha kupita, Ildefonsa alikuwa bado amekaa kwenye kreti, mgongo umenyooka. Hakupaza sauti. Alitumia sauti ile ile ambayo mtu huombea chumvi kwa jirani.

— Tomasi.

Akageuza kichwa kabla hajafikiri. Alimsikia vizuri kabisa. Mwanamke wa nyanya naye alisikia, akainua uso kutazama ni nani anayeitwa.

Alirudi polepole. Alipofika hakukaa kwenye benchi, alisimama mbele ya Ildefonsa kama mtu aliyeitwa ofisini.

— Aliniita, alisema. Aliniona kupitia kioo. Aliniita jina langu.

— Mara ngapi?

— Mara nyingi. Mwanzo aliita kwa nguvu, akaniambia nilete kitu cha kubanulia. Baadaye akawa anaita jina tu.

— Ukamjibu?

Tomasi akatikisa kichwa. Alitaka kusema kwamba kama angejibu angelazimika kwenda, na ndiyo maana hakujibu. Lakini maneno hayo hayakuwa ya kumwambia mjane asubuhi barabarani, wala wakati mwingine wowote. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa koti. Hakuna aliyemshika bega. Malongo alikuwa anatazama ardhi kati ya viatu vyake.

Ildefonsa alijifunika uso kwa kitenge. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na watu wa kijiwe wakageukia barabara ili wasimwone. Alipomaliza alijifuta, akajifunga kitenge upya, akamgeukia mzee.

— Kinaweza kunyooka, baba?

Leonidasi akamweleza ukweli wa kazi. Chuma kile ni kigumu, kimechovywa kikiwa cha moto. Kikipindishwa upande wa pili kwa pupa kitakatika. Akienda taratibu kinaweza kukubali. Akamwuliza kama hataki kukiacha kilivyo, akiweke nyumbani. Ildefonsa akasema ana mananasi ya kumenya.

Mzee akafunga bapa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mti laini, akaegemea kidogo, akalegeza, akapima kwa rula. Akaegemea tena. Alifanya hivyo mara kumi na zaidi, na kila alipoegemea wote walishikilia pumzi, wakingoja mlio wa kukatika. Haukuja. Akalirudisha bapa ndani ya mpini, akapanga washa, akakaza skrubu, akafunga. Lililala katikati, pengine likavuta kushoto kwa upana wa karatasi, lakini halikugusa. Makali akayapitisha kwenye jiwe, akayajaribu kwenye nywele za mkono wake.

Ildefonsa alikifungua na kukifunga mara tatu. Akakifunga kwenye fundo la kitenge, akasimama. Tomasi alikuwa bado amesimama pale pale.

— Alhamisi hakuna gulio, alimwambia. Tutapanda basi la asubuhi, twende Nyarubungo. Mama yake mpaka leo anasali kila jioni kumshukuru Mungu kwa lile neno lako. Utamwambia wewe.

— Sawa, shemeji.

— Siku hizi hasikii vizuri, alisema Ildefonsa. Itabidi umsogelee.